Kinachopimwa na Kinachonywewa: Mjadala wa Kailo

Mtu wa Kailo akishikwa na mgongo ana njia mbili. Moja inaishia farmasi, kwenye vidonge vya diklofenaki au ibuprofeni vinavyouzwa kwa kuhesabiwa kimoja kimoja. Nyingine inaishia kwa mzee anayejua magome na mizizi. Wengi hupita zote mbili siku hiyohiyo, asubuhi huku na jioni kule, wala hawamwambii yeyote kati ya hao wawili kwamba wametoka kwa mwenzake. Teritware hii ya Kongo inayopakana na mji wa Kindu ni nchi ya bati na wolframu, ya mihogo na mawese, ya mizigo inayobebwa kichwani hadi ukingo wa Lualaba. Magoti ya watu wake hayana likizo.

Siku hizi kuna neno jipya sokoni: “imethibitishwa na maabara.” Linasemwa juu ya mti huu na ule, na anayelisema hupandisha bei. Imethibitishwa vipi, na juu ya nani? Sauti zinazofuata nimezipanga mimi. Si za mtu fulani anayejulikana. Ni za kazi nne ambazo kila mmoja wetu amekutana nazo: mganga wa miti, mfamasia, muuguzi wa kituo cha afya na mchimbaji wa bati. Mimi sitakaa kimya kama mwenyekiti wa mkutano. Nina upande wangu na utauona.

MFAMASIA: Nianze na kazi yenyewe, maana watu wanadhani tunacheza na panya. Tunawagawa panya weupe katika makundi. Kundi la kwanza linanyweshwa maji matupu. La pili linapewa dawa inayojulikana, tuseme indometasini. Yaliyobaki yanapewa dawa ya mti, kila kundi na kiasi chake. Halafu tunachoma sindano ya karagini chini ya ngozi ya unyayo, na mguu unavimba. Kila saa tunauzamisha unyayo kwenye kimiminika na kusoma kimepanda kiasi gani. Uvimbe hufika kileleni baada ya saa tatu hadi tano. Mti ukiuzuia karibu sawa na indometasini, tuna neno la kusema. Kipimo hicho kilitolewa na Winter na wenzake mwaka 1962, na hadi leo maabara za dunia zinakitumia.

(Karagini hiyo hutolewa kwenye mwani mwekundu, jamii ileile ya mwani unaolimwa na wanawake wa Paje na Jambiani kule Zanzibar. Bidhaa ya pwani ndiyo inayomvimbisha panya ili dawa ya bara ipimwe.)

MGANGA: Mwanangu, nimekusikia. Sasa niambie, panya huyo aliwahi kubeba mfuko wa mawe? Mguu wake umevimba tangu asubuhi, na jioni unamuua. Mimi naletewa mtu aliyeumwa miaka kumi. Hayo ni maradhi mawili.

MFAMASIA: Ni kweli, Baba. Uvimbe wa saa tano si baridi yabisi ya miaka kumi.

MGANGA: Basi nani amepima zaidi, wewe au mimi? Baba yangu aliwapa watu gome hili, na babu yangu kabla yake. Watu walikunywa, wakainuka, wakarudi na kuku wa shukrani.

MFAMASIA: Walioinuka ndio waliorudi. Ambaye hakuinuka hakuja kukuambia, na aliyekufa hana miguu. Tena mgongo una tabia yake: mara nyingi hupoa wenyewe ndani ya wiki chache, unywe usinywe. Aliyekunywa siku ya kumi na kupona siku ya kumi na mbili atausifu mti. Bila kundi la kulinganisha, mimi na wewe hatuwezi kujua.

Hapa mfamasia amesema jambo zito, nami sioni namna ya kulikwepa. Kumbukumbu ya mganga, hata awe mkweli namna gani, ni kumbukumbu ya waliorudi. Lakini asiishie hapo na kudhani ameshinda. Aspirini ilitoka kwenye elimu ya gome la mwerebi, mti ambao watu wa Ulaya na Mashariki ya Kati waliutumia kwa homa na maumivu tangu enzi za kale. Felix Hoffmann wa kampuni ya Bayer aliitengeneza mwaka 1897. John Vane alionyesha jinsi inavyofanya kazi, kwa kuuzuia mwili usitengeneze prostaglandini, kemikali za maumivu na uvimbe, mwaka 1971, na Tuzo ya Nobel ikamfikia 1982. Kati ya kidonge na kuelewa kidonge kuna miaka 74, na katika miaka hiyo yote dunia ilimeza tu. Kwa hiyo asije mtu Kailo akasema dawa ya mzee haifai kwa sababu haijulikani inavyofanya kazi. Hoja ya haki ni nyingine: je, inatuliza kweli, na je, inadhuru?

MCHIMBAJI: Niseme na mimi? Mnabishana juu ya panya na mababu. Mimi kesho nashuka shimoni. Nisiposhuka, watoto hawali. Kidonge cha farmasi kinanipa moto wa tumbo. Dawa ya mzee ni chungu lakini hainichomi. Nimechagua.

MUUGUZI: Kaka, moto huo wa tumbo ni wa kweli. Diklofenaki na wenzake hula ukuta wa tumbo na kuchosha figo, hasa kwa mtu anayetoka jasho kutwa na hanywi maji. Umefanya vizuri kulalamika. Ila kusema dawa ya mzee haikuchomi si sawa na kusema haikudhuru. Ini haliumi likianza kuharibika. Figo hazipigi kelele.

MGANGA: Mama, miti ni ya Mungu. Haina kemikali.

MUUGUZI: Baba, mofini inatoka kwenye mmea.

Kauli hii ya “haina kemikali” ningependa izikwe. Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake walikwenda kliniki moja ya Brussels kupunguza unene, wakapewa vidonge vilivyochanganywa na mitishamba ya Kichina. Mmea mmoja uliokusudiwa ulikuwa Stephania tetrandra, ambao Wachina huutumia pia kwa maumivu na uvimbe. Kwa kuwa majina yao ya Kichina yanafanana, mahali pake ukawekwa Aristolochia. Mwaka 1993 madaktari wa huko walitangaza kwamba figo za wagonjwa zinakufa. Mwisho wa hesabu walizidi mia moja, na wengine wakapata saratani ya njia ya mkojo. Kosa zima lilikuwa mmea kuchukuliwa kwa mwingine. Mtu anayepima mti wa Kailo bila kukausha tawi lake lenye majani na ua, akalipeleka kwenye hifadhi ya mimea kama ile ya Yangambi likapewa jina lake halisi, hajapima kitu. Amepima gome la mti asioujua.

MGANGA: Hilo nakubali. Hata hapa kijana akitumwa porini peke yake ataleta gome la mti mwingine. Lakini nina swali kwa docta. Mimi gome nalichemsha, maji yapungue hadi nusu. La wanaume wengine nalitia kwenye pombe kali ya lutuku, lilale siku kadhaa. Wewe panya wako ulimpa maji ya chungu au lutuku?

MFAMASIA: (kimya kidogo) Methanoli, Baba. Tunakausha gome, tunalisaga, tunaliloweka kwenye methanoli, halafu tunaigeuza mvuke hadi ibaki lami kavu. Lami hiyo ndiyo tunayompa.

MGANGA: Methanoli ni nini?

MFAMASIA: Ni jamii ya pombe, ila hainywewi. Inapofusha.

MGANGA: Basi hukupima dawa yangu.

Kwangu mimi mjadala mzima umekaa katika jibu hilo la mzee. Methanoli huvuta kwenye gome vitu ambavyo maji hayavuti, na maji yanayochemka huvunja vingine ambavyo methanoli huviacha. Lami ya maabara na maji ya chungu ni dawa mbili zenye mzazi mmoja. Tazama pia vipimo. Tafiti nyingi za namna hii humpa panya miligramu 400 za lami kwa kila kilo ya uzito wake. Kanuni inayotumika kuhamisha kipimo cha panya mkubwa kwenda kwa binadamu ni kugawanya kwa 6.2, yaani kama miligramu 65 kwa kilo. Mtu wa kilo 60 atahitaji karibu gramu 4 za lami kavu. Ikiwa gramu 100 za gome hutoa gramu 10 za lami, mtu huyo atakunywa nguvu ya gramu 40 za gome kavu kwa mara moja, na gome hilo likamuliwe kwa kitu kisichonyweka. Mzee anatoa kipande cha gome kama kidole. Halafu redio inatangaza kwamba sayansi imeuthibitisha mti!

MCHIMBAJI: Na maumivu? Uvimbe nimeelewa, mnapima mguu. Panya atasemaje kwamba anaumwa?

MFAMASIA: Njia moja ni kumchoma asidi asetiki tumboni. Anajikunja kwa maumivu, tunahesabu mikunjo. Nyingine ni kumweka juu ya bamba la moto wa nyuzi 55 na kuhesabu sekunde kabla hajalamba mguu au kuruka. Ya mikunjo ni rahisi ndiyo maana inapendwa, lakini ina udhaifu. Dawa yoyote inayomlaza au kumlegeza misuli itapunguza mikunjo, hata kama haitulizi maumivu hata chembe.

MGANGA: Hata mlevi wa lutuku hajikunji.

MFAMASIA: Ndiyo hivyo, Baba. Anayepima vizuri lazima aonyeshe kwanza kwamba panya wake hajalewa.

Kuna kisa cha Kamerun ambacho kila anayepima mti wa maumivu angepaswa kukijua kwa moyo. Mwaka 2013 watafiti wakiongozwa kutoka Ufaransa walitangaza kwamba wamekuta tramadoli, dawa ya maumivu iliyotengenezwa na kampuni ya Grünenthal ya Ujerumani, ndani ya mizizi ya Nauclea latifolia, mti unaotumiwa na waganga wa kaskazini ya nchi hiyo. Furaha ilikuwa kubwa: Mwafrika alikuwa na tramadoli kabla ya Mzungu. Mwaka uliofuata kundi la Kusari na Spiteller, Ujerumani, likaenda kupima upya. Tramadoli waliiona katika miti ya kaskazini, si ya kusini, na waliikuta pia katika udongo na maji. Wakulima wa kaskazini walikuwa wakimeza tramadoli ya bei rahisi na kuwapa ng'ombe wa kulimia, na mkojo ukaipeleka ardhini. Watafiti wa kwanza hawakukubali, wakajibizana kwa miaka. Mimi naona ushahidi wa Wajerumani ulikuwa mzito zaidi. Waganga hawakudanganya mtu. Ni maabara iliyoshika kidonge na kukiita mzizi.

MUUGUZI: Na kuna wanaokitia kwa makusudi. Marekani mwaka 2022 mamlaka ya dawa iliwaonya watu juu ya Artri King, iliyouzwa kama mitishamba ya viungo. Ndani yake walikuta diklofenaki na deksamethasoni, na hakuna hata moja iliyoandikwa kwenye chupa. Dawa ya miti inayotuliza goti ndani ya nusu saa, mimi huiogopa. Lakini hofu yangu kubwa ni nyingine. Mama ananiletea mtoto, vidole vya mikono na miguu vimevimba, vina moto. Amepita kwanza kwa mtu, akachanjwa chale na kupakwa unga. Mtoto ni SS, ana selimundu. Nchi yetu ni ya tatu duniani kwa watoto wanaozaliwa na ugonjwa huo, baada ya Nigeria na India. Au mzee wa miaka hamsini, mgongo unauma miezi sita, usiku anatoka jasho. Hicho huenda ni kifua kikuu cha uti wa mgongo. Ukimpa gome linalotuliza kweli, umemchelewesha kweli. Dawa mbaya ingemrudisha kwangu mapema.

MGANGA: Mama, mimi nikiona vidole vya namna hiyo namtuma kwako. Si wote wanafanya hivyo, lakini mimi nafanya. Je, wewe ulishamtuma mgonjwa kwangu?

MUUGUZI: La, Baba.

MGANGA: Na huyu docta, nikimwonyesha mti, kesho utakuwa kwenye karatasi ya Kifaransa yenye jina lake. Mimi nitabaki na nini?

Swali hili halijibiwi kwa heshima za maneno. Afrika Kusini taasisi ya utafiti ya serikali, CSIR, ilisajili hataza juu ya hoodia, mmea ambao Wasan, wenyeji wa huko, huutafuna kuzuia njaa, bila kuwauliza Wasan. Makubaliano ya kugawana faida yalikuja mwaka 2003 baada ya kelele. Itifaki ya Nagoya ya 2010, iliyoanza kazi 2014 na ambayo Kongo imo ndani yake, inataka mwenye elimu akubali kwanza na mgawo wake uandikwe. Bila karatasi hiyo, mganga anayeficha mti wake ana akili timamu. Nasi tusijidanganye kuhusu utajiri: mara nyingi mti hautoi molekuli mpya ya kuuza, hutoa tu makala. Mgawo wa haki wa kwanza, basi, ni matokeo yenyewe, yarudishwe Kailo kwa Kiswahili, yakisema gome hili lilifanya nini, lile halikufanya kitu, na lile lilimharibu panya ini.

MCHIMBAJI: Mama yangu alikuwa akinipaka pilipili mgongoni na mafuta ya mawese. Hiyo nayo mtaipeleka kwa panya?

MFAMASIA: Ilishapelekwa, ndugu yangu. Kapsaisini ya pilipili hufungua mlango mmoja kwenye mishipa ya fahamu; inachoma kwanza, kisha mshipa unachoka kupeleka habari ya maumivu. David Julius na wenzake waliutambua mlango huo mwaka 1997, na mwaka 2021 Julius akapata Nobel. Hospitali za Ulaya zina bandiko la kapsaisini ya asilimia 8 kwa maumivu ya neva. Mama yako hakukosea, ila asikupake penye kidonda, wala karibu na macho.

Hapo nacheka kidogo. Dawa ya nyumbani iliyopimwa vizuri katika mjadala huu inalala kwenye beseni la muuza mboga, na hakuna anayeihitaji kwa kuwa haina siri. Tunapenda mti usiojulikana. Tulipenda pia MM1, ile “dawa ya UKIMWI” iliyotangazwa Kinshasa mwaka 1987, herufi zake zikiwa za Mobutu na Mubarak. Haikuwa mti, lakini tangazo lilitangulia kipimo, na hakuna aliyeponywa. Watanzania walipenda kikombe cha dawa ya mti cha Loliondo mwaka 2011.

Sasa nani ameonyesha njia? Nawatazama Wamali. Walipotaka dawa ya malaria, hawakuanza na panya. Walizunguka vijijini wakiuliza mgonjwa gani alikunywa nini na akawaje, na jibu likawaelekeza kwa Argemone mexicana. Wakapima chungu chenyewe, yale maji yaliyochemshwa kama mwanakijiji anavyochemsha, wakatafuta kipimo kinachofaa, kisha wakayashindanisha na dawa ya hospitali kwa wagonjwa 301. Matokeo yalichapishwa 2010: asilimia 89 ya waliokunywa maji ya mti hawakuhitaji dawa ya pili, na 95 kwa upande wa hospitali. Kutafuta molekuli waliacha kwa baadaye.

MFAMASIA: Malaria ina homa ya kupimwa na vijidudu vya kuhesabiwa kwa darubini. Maumivu hayana. Mtu akiamini, anapoa nusu. Itabidi wengine wapewe maji machungu matupu.

MGANGA: Nimpe mgonjwa uongo? Hapana. Simo.

MUUGUZI: Si lazima, Baba. Nusu wapate chungu chako, nusu parasetamoli. Kila mtu anapata kitu. Kabla na baada tunapima damu na mkojo, ini na figo. Wenye dalili mbaya hawaingii, wanapelekwa Kindu.

MFAMASIA: Na tutapimaje kama wamepoa? Kwa namba kutoka sifuri hadi kumi?

MCHIMBAJI: Mimi namba sijui. Niulize jana nilibeba mifuko mingapi, na leo mingapi. Nimechuchumaa au sikuweza. Nimelala au nimekesha.

Kipimo kizuri kuliko vyote vilivyotajwa leo kimetoka kwa asiyekuwa na diploma. Vipimo vya panya vina kazi yake: kututahadharisha mapema penye sumu, na kutueleza baadaye kwa nini kitu kilichofanya kazi kilifanya kazi. Vikitangulia mbele ya chungu, vinatupa sifa za mti na kumwacha mgonjwa pale alipokuwa.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo, na linakwenda kwa wakuu wa eneo la afya la Kailo na kwa vyuo vya Kindu na Kisangani vinavyotuma wanafunzi huku. Kabla ya panya wa kwanza kununuliwa, ongezeni safu moja katika daftari la kituo cha afya, ya kuuliza mgonjwa alikunywa mti gani kabla ya kuja, ulichemshwa vipi na kwa siku ngapi. Muuguzi aiulize bila kukaripia, la sivyo hakuna atakayesema ukweli. Mwaka mmoja wa safu hiyo utatuambia ni miti gani inastahili kupimwa, na ni ipi inapaswa kukomeshwa mara moja. Gharama yake ni rula na kalamu.